Nje ya Mlango wa Leba

Machi 2020 ikielekea ukingoni, hospitali mbili kubwa za New York, NewYork-Presbyterian na Mount Sinai, zilitangaza kwamba mwanamke anayekwenda kujifungua ataingia peke yake. Mume hataingia, mama mzazi hataingia, wala yule msaidizi wa uzazi aliyekwisha kulipwa na kuzoeleka tangu mimba ikiwa changa. Jiji lilikuwa katika siku mbaya mno za korona. Malori yenye majokofu yaliegeshwa nje ya hospitali kupokea maiti, wauguzi walirudia kuvaa barakoa zilizokwisha tumika, na amri ya kumzuia mtu mmoja asikae kando ya kitanda cha mkewe ingeweza kupita kimya katikati ya amri nyingine nyingi. Haikupita. Watu mamia kwa maelfu walitia sahihi zao kuipinga. Idara ya afya ya jimbo ikasema wazi kwamba mtu wa kumsaidia mzazi ni sehemu ya lazima ya matibabu yake, na tarehe 28 ya mwezi ule ule gavana Andrew Cuomo akaziamuru hospitali zote za jimbo zimruhusu mtu mmoja aingie. Mwishoni mwa Aprili amri ikapanuliwa ili mtu huyo asifukuzwe mara tu mtoto anapotoka.

Nilizifuata habari hizo nikiwa Mombasa, na kilichonishughulisha zaidi ni upesi wa wale waliokataa. Siku chache tu zilitosha kwa jimbo zima kuona kwamba kumfungia mwanamke peke yake na uchungu ni jambo la kutisha, jambo la kumwamshia gavana. Nami nikayakumbuka mabenchi ya saruji nje ya wodi za wazazi za pwani yetu, na wanawake wanaoketi pale na chupa za chai na mabeseni yaliyofunikwa kanga, wakingoja. Wamengoja pale tangu nikiwa mtoto. Hakuna ugonjwa uliowatoa ndani. Walikuwa nje siku zote.

Mambo huenda hivi. Mwanamke huja na mama yake, au shangazi, au wifi. Mlangoni huchukuliwa kitabu chake cha kliniki, pamba na kanga za kumpokelea mtoto, kisha mlango hufungwa. Kuanzia hapo yule aliyemjua tangu utotoni hapati habari ila za kubahatisha: kutoka kwa mfagiaji anayepita na ndoo, au mwanafunzi wa uuguzi mwenye huruma. Habari kubwa ni sauti. Mama mtu hukaa akizipambanua sauti za ndani, akijaribu kuijua ya mwanawe kati ya za wana wa wenzake. Ndani, mwanamke amelala baina ya wengine asiowajua, na muuguzi mmoja anazunguka vitanda vinne, vitano, akipima njia ya huyu, akimsihi yule asisukume bado.

Mimi nimejifungua hivyo, miaka kabla ya korona. Uchungu wenyewe nimeusahau, kama wanawake wengi wanavyousahau, lakini kuna hofu moja ambayo haikunitoka. Nilitazama huku na huku nikagundua kwamba mle ndani hakukuwa na hata mtu mmoja aliyeijua sura yangu ya kawaida. Hawakujua kwamba mimi si mtu wa kunyamaza. Kwa hiyo hata ningenyamaza kwa sababu nguvu zinanitoka, hakuna ambaye angeshtuka. Muuguzi angeweza kupita, aniangalie, aone mama mtulivu, aende kwa anayepiga kelele. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hanijui, na hakuwa na muda wa kunijua.

Sababu inayotolewa kwa kawaida ni sitara. Leba za hospitali nyingi za umma ni ukumbi mmoja, vitanda vimepangwa ubavu kwa ubavu, na mume wa huyu akiingia atauona uchi wa yule. Sababu hiyo ni ya kweli, siwezi kuidharau. Mimi mwenyewe nisingependa shemeji wa mtu mwingine anikute katika hali ile. Lakini dawa yake inajulikana na haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo: ni pazia. Kitambaa, bomba la chuma na fundi wa nusu siku. Na hata pasipo pazia, mara nyingi anayetakiwa aingie si mume. Kwetu anayetakiwa ni mwanamke mwenzake, mtu mzima aliyezaa, anayejua kufunga macho panapostahili. Nchi zetu zimejenga reli mpya na barabara za kupita juu ya barabara nyingine, na katika muda huo huo tumewaambia mama zetu kwamba hawawezi kuingia kwa sababu hakuna pazia. Kila nikilifikiria jambo hili hasira hunipanda, na sioni kwa nini niifiche.

Maana haijawahi kuwa siri kwamba mtu wa pembeni anafanya kazi. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti mdogo uliofanywa Guatemala, katika hospitali ambako wanawake walizoea kujifungua bila ndugu. Wengine walipewa mwanamke wa kukaa nao, mtu ambaye hawakuwahi kumwona kabla, asiye daktari wala mkunga. Kazi yake ilikuwa kuwasugua mgongo, kuwashika mkono na kuzungumza nao. Wengine waliachwa kama ilivyokuwa desturi. Kati ya wale ambao uzazi wao haukuwa na matatizo, waliokuwa na mwenzao walijifungua katika muda wa karibu saa 9 tangu kupokewa hospitalini. Walioachwa peke yao walichukua zaidi ya saa 19. Na baada ya kujifungua, wale waliokuwa na mwenzao walikuwa macho zaidi, waliwapapasa watoto wao, wakawachekea, wakazungumza nao zaidi. Tangu hapo majaribio yamerudiwa katika nchi nyingi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000, na mwelekeo ukawa ule ule: uchungu mfupi zaidi, upasuaji mchache zaidi, na wanawake wachache waliotoka na kumbukumbu chungu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaweka katika mwongozo wake kwamba kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, na mwezi wa Machi 2020, virusi vikiwa tayari vimeenea, likarudia neno hilo hilo hata kwa mwanamke aliyekutwa na korona.

Wakunga wa zamani hawakuhitaji kuelezwa kwa nini. Mwanamke mwenye hofu hujifunga. Waliosoma watakwambia kwamba hofu huamsha homoni ya adrenalini, na adrenalini huizuia oksitosini, ambayo ndiyo inayolisukuma tumbo la uzazi lifanye kazi yake. Bibi yangu alisema tu kwamba mzazi asiogopeshwe, na aliyekuja na habari mbaya aliachwa uani.

Kisha korona ikafika kwetu. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa Machi 13, na Machi 27 ikaanza kafyu, kuanzia saa moja ya usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Aliyezaa anajua kwamba uchungu hupenda usiku. Sasa tatizo la mwanamke halikuwa tena mlango wa leba pekee. Lilianzia mlangoni kwake. Matatu hakuna, bodaboda hataki kukamatwa, na askari wako njiani na virungu. Siku tatu baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi Kiamaiko, Nairobi, akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao. Baada ya hapo, ni mama gani angemwambia jirani yake, twende, nitakusindikiza, usiku wa manane? Desturi ya kusindikizana, ambayo haikuwahi kuandikwa na serikali yoyote lakini ndiyo iliyowafikisha wanawake hospitalini kwa miaka yote, ilikatika katika wiki moja. Waliobaki majumbani walizalishwa na yeyote aliyekuwa karibu, na wengine hawakupata hata huyo.

Daktari mmoja kijana wa Nairobi, Jemimah Kariuki, aliyekuwa masomoni kuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, aliona vitanda vya wazazi vinabaki vitupu usiku na wanaofika wanafika wakiwa wamechelewa. Akaandika mtandaoni akijitolea kuwasaidia wenye uchungu kufika hospitali, na kutokana na ujumbe ule ukazaliwa mpango wa Wheels for Life: mjamzito alipiga 1196 bila malipo, akazungumza na daktari, na ikibidi alitumiwa teksi au gari la wagonjwa. Uganda mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwisho wa Machi magari binafsi yalizuiwa kabisa, bodaboda zikakatazwa kubeba abiria, na mjamzito alitakiwa kwanza apate kibali cha mkuu wa wilaya wa serikali. Kibali, na maji yamekwisha vunjika. Habari zikaanza kutoka za wanawake waliotembea kwa miguu usiku, na wengine wakafia njiani, na katika mwezi wa Aprili Rais Museveni mwenyewe akatangaza kwamba wajawazito wasihitaji kibali tena.

Mdogo wangu alikuwa Nairobi. Mimba ilikuwa ya kwanza, na ilitazamiwa kufika mwezi wa Mei. Mpango wa nyumbani ulikuwa ule wa siku zote: mama angepanda treni aende akae naye mpaka arobaini iishe. Alikwisha funga furushi lake, mkaja wa kumfunga tumbo, pilipili manga ya uji, samli, na mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Aprili 6 serikali ikafunga mipaka ya Nairobi, na Aprili 8 ikazifunga Mombasa, Kilifi na Kwale. Treni ya abiria ikasimama. Mama akalitia furushi juu ya kabati, na kila alipoingia chumbani alilitazama.

Uchungu ulimshika Ramadhani, baada ya saa ya kafyu. Shemeji alimpakia katika gari la jirani. Kwenye kizuizi askari aliwamulika kurunzi, akamwona alivyojikunja, akawapisha bila neno, na nitamshukuru askari yule siku zote ingawa sitamjua. Hospitalini mlinzi alimpokea mke akamrudisha mume. Utaratibu ulikuwa hakuna mtu wa pili, kwa sababu yoyote. Shemeji hangeweza kurudi nyumbani kwa sababu ya kafyu, wala hangeweza kusimama mlangoni, basi akalala ndani ya gari katika maegesho. Daku yake ilikuwa biskuti na maji ya chupa. Mkewe alikuwa umbali ambao sauti kubwa ingeweza kufika, na hakumsikia.

Ndani alikuwa na simu. Kwa muda ndiyo iliyokuwa mwenzake. Mama, Mombasa, alizungumza naye bila kukoma. "Mwanangu, vuta pumzi. Usikaze mabega. Pumzi ya juu iachie." Akamsomea dua, akamkumbusha maji. Sisi tulikaa kumzunguka tukiwa hatuthubutu hata kukohoa. Kisha ikasikika sauti ya sista ikimwambia aweke simu pembeni, na laini ikakatika. Mama hakuketi tena mpaka alfajiri. Alitembea kutoka jikoni hadi barazani, barazani hadi jikoni, na ilipoadhiniwa adhana ya asubuhi aliswali, akainuka, akaendelea kutembea.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Kwetu baba humwadhinia mtoto katika sikio la kulia kabla hajasikia maneno mengi ya dunia, na baba huyu alikuwa katika gari. Mdogo wangu akampigia, akaishika simu karibu na sikio la mwanawe, na shemeji akaadhini kutoka kwenye maegesho, vioo vimefungwa, machozi yanamtoka. Mzee mmoja wa mtaani alimwambia arudie siku atakapompokea. Alirudia, pale pale nje ya hospitali, mtoto mikononi.

Tulimshukuru Mungu, na bado tunamshukuru. Lakini miezi ilivyopita niliona kwamba mdogo wangu alikuwa na jambo. Hakulalamika juu ya maumivu. Alikuwa akiuliza maswali. Mtoto alilia mara moja au alichelewa? Nani alimshika kwanza? Yeye mwenyewe alisema nini? Alikumbuka taa, alikumbuka macho ya watu juu ya barakoa na ngao za plastiki, alikumbuka baridi kali iliyomfanya atetemeke baada ya mtoto kutoka, na zaidi ya hapo usiku ule umevunjika vipande visivyoungana. Hakuuona uso wa mtu hata mmoja. Hata leo akikutana barabarani na aliyemzalisha hatamtambua.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi nyingine ya msindikizaji, ambayo sijaiona katika utafiti wowote. Mwanamke aliye katika uchungu hakumbuki kwa mpangilio. Anayekumbuka ni yule aliyekaa kando. Kila mmoja wetu aliyelelewa katika nyumba zetu ana hadithi ya kuzaliwa kwake, na mara nyingi msimulizi si mama, ni shangazi au bibi: ulitoka umefumba ngumi, mama yako alimtukana kila mtu, mvua ilikuwa ya vuli, mkunga alivunja kikombe. Hadithi hiyo husimuliwa kwanza kwa mzazi mwenyewe, katika zile siku arobaini, anapokandwa kwa maji moto na mikono ya yule yule aliyekuwepo. Anaisikia mara ya kwanza, mara ya pili, anauliza, anasahihishwa, anacheka mahali ambapo siku yenyewe alilia, na kidogo kidogo usiku ule unakuwa wake. Mdogo wangu hakuwa na wa kumsimulia. Wauguzi walikwenda zamu nyingine, mumewe alikuwa nje, sisi tulisikia mpaka simu ilipokatika. Binti yake sasa anauliza jinsi alivyozaliwa, na anachosimuliwa ni habari ya baba yake ndani ya gari, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee iliyokuwa na shahidi.

Neno hilo la ushahidi lina upande mwingine, mzito zaidi. Agosti 2013 mwanamke mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya Bungoma, kwa kuwa hakupata kitanda, kisha wauguzi wakampiga makofi na kumtukana kwa kuichafua sakafu. Mateso ya aina hiyo hayakuwa mapya. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtu aliyekuwa karibu aliyarekodi kwa simu. Picha zile zikaonyeshwa nchi nzima, kesi ikafunguliwa, na Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zake na utu wake vilivunjwa, ikamwamulia fidia ya shilingi milioni 2.5. Nimeifikiria hukumu ile mara nyingi. Kama pasingekuwa na jicho la pili, ingebaki neno la mwanamke maskini dhidi ya neno la hospitali, na sote tunajua neno lipi lingesadikiwa. Mama akiwa kando ya kitanda, mkono hauinuki kirahisi. Wala simaanishi kwamba wauguzi wanahitaji kuchungwa kama wezi. Nasema kwamba uchovu humbadilisha mtu yeyote, na kutazamwa na anayempenda mgonjwa humkumbusha mchovu kwamba yule aliye kitandani ni mtoto wa mtu.

Ni lazima niseme pia yaliyo upande wa hospitali, kwa sababu mwaka ule hofu yao ilikuwa na msingi. Madaktari wa New York waliwachunguza wanawake 215 waliokuja kujifungua kati ya Machi 22 na Aprili 4, wakawakuta 33 wana virusi, na 29 kati ya hao hawakuwa na dalili yoyote walipoingia. Maana yake kila aliyepita mlangoni aliweza kuwa ameubeba ugonjwa bila kujua, mzazi na anayemsindikiza. Muuguzi wa Nairobi au wa Kampala aliyekuwa na glovu za kuhesabu, barakoa ya kurudia na watoto nyumbani hakuwa mkatili alipoona nafuu kwamba mtu mmoja zaidi amezuiwa. Wengi wao waliugua. Wengine hawakurudi kazini kamwe. Ningekuwa mimi ndiye mwenye funguo katika wiki zile za kwanza, huenda ningeufunga mlango.

Lakini wiki za kwanza zilipita. Maduka yalifunguliwa, masoko yakajaa, mikutano ya siasa ikarudi, na bado katika hospitali nyingi mtu wa kwanza kuondolewa alikuwa wa mwisho kurudishwa. Uingereza nako wanawake waliendelea kupigwa picha za mimba wakiwa peke yao, waume wakingoja nje katika magari, huku baa zimekwisha kufunguliwa, mpaka wakalazimika kuanzisha kampeni, na mwongozo wa kuruhusu msindikizaji katika hatua zote ukatoka Desemba. Wale waliopanga nani aingie walimhesabu mama mzazi pamoja na wanaokuja na maua na matunda saa ya kutazama wagonjwa. Hapo ndipo kosa lilipokaa, na halikutokana na virusi. Lilikuwa katika daftari tangu zamani. Mtu anayemsugua mzazi mgongo, anayemnywesha, anayemsaidia kugeuka na kumwita sista kunapokuwa na hatari, anafanya kazi ambayo vinginevyo ingehitaji mwajiriwa. Ukimwondoa, kazi haiondoki. Inabaki bila mtu.

Tanzania haikuwa na kafyu wala kufungiwa, na kwa hiyo wapo wanaodhani kwamba hadithi hii haiwahusu. Inawahusu, kwa sababu mlango niliouelezea ulikuwepo huko pia kabla ya 2020. Lakini huko huko ndiko palipojaribiwa njia nyingine. Mkoani Kigoma, kati ya 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai lilishirikiana na serikali kuwaruhusu wasindikizaji katika vituo vya umma, vya kawaida kabisa, vyenye upungufu ule ule wa wafanyakazi na nafasi. Wanawake wakaingia na waliowachagua. Wasindikizaji walielezwa kazi yao na mipaka yake, na wakunga waliokuwa na wasiwasi waliwakuta ni msaada. Hakuna aliyengoja majengo mapya. Nikisikia mtu anasema kwetu haiwezekani, huitaja Kigoma, mkoa usiojulikana kwa utajiri.

Mwaka 2023 mdogo wangu alipata mimba ya pili, na safari hii akaja Mombasa mapema. Alisema jambo moja tu: kwamba hataingia bila mama. Tulipofika hospitalini, sista mkuu wa zamu alisita. Akatuangalia, akamwangalia mama na ushungi wake na mfuko wake, kisha akamwambia, "Mama, utakaa hapa kitandani kwake. Usizunguke kwa wengine." Akampa aproni na kiti cha plastiki. Mama akakaa. Alinihadithia baadaye kwamba kwa saa nyingi hakufanya la maana, alisugua kiuno, alipepea, alimpa maji kwa kijiko, alimwambia pumzi ya juu iachie.

Mtoto wa kiume akatoka, akalia papo hapo. Sista alimfuta, akamweka kifuani kwa mama yake, kondo likatoka, na kwa kuwa kitanda cha pili mwanamke mwingine alikuwa tayari anasukuma, akaenda kwake. Ilikuwa haki aende. Mdogo wangu alikuwa ametulia, mtoto anatafuta titi. Aliyepita angesema huyu mambo yake yameisha. Mama aliinama kumweka sawa mto, akaona uso wa binti yake. Anasema haukuwa uso wake. Midomo imepauka, macho yanaona mbali. Akaipapasa kanga aliyolalia, akaikuta imelowa mpaka chini, damu inadondoka upande wa ukuta ambako anayetembea kati ya vitanda haoni.

Akaita. Sista alikuja mbio, akaweka mkono juu ya tumbo akalikuta laini, akaanza kulikanda kwa nguvu, akaagiza sindano ya oksitosini, mwenzake akafunga dripu. Ilichukua muda. Damu ikapungua, tumbo likakaza, midomo ikarudi rangi. Sista alipomaliza alimshika mama bega, akamuuliza kama yuko sawa, na mama ndipo alipoanza kutetemeka.

Kitabu cha kliniki cha yule mtoto tunacho nyumbani. Kina tarehe na saa ya kuzaliwa, uzito, namna alivyozaliwa na mahali. Kina nafasi ya kuandika aliyemzalisha, na imejazwa ipasavyo, kwa maana yule sista alifanya kazi yake vizuri na kwa haraka. Nilikipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mahali pa kuandika nani alikaa na mzazi. Hapakuwepo, basi nikaandika jina la mama kwa kalamu pembeni, juu ya mstari wa uzito, na mdogo wangu akaongeza saa.